Mkono Uliokubaliwa na Kuku

Old Kampala, 6 Machi 2024

Shangazi yangu Habibah,

Assalaam aleikum. Naandika nikiomba barua ikukute na afya, wewe na jirani yako Akeyo na kila kinachotembea uani kwako. Jumapili nilikupigia simu. Nilisema, "Ni Latifah, wa kaka yako," ukanijibu, "Mafuta ya taa siuzi tena," ukakata. Nikaona masikio yako na simu havipatani. Sifuna, yule anayeleta viatu vya mitumba kutoka Kisumu kila wiki, amekubali kutubebea barua, mradi zisinuke samaki.

Huku tuko salama. Bado nafundisha Ntinda, darasa la nne, watoto themanini na wawili na dirisha moja linalofunguka. Tangu Januari nimerudi kuishi kwa Mzee hapa Old Kampala. Ni kwa muda tu.

Sasa shida yangu, na usinicheke. Mzazi mmoja wa shule alinipa kuku jike mweusi, wa kienyeji, nikamchinje. Kabla sijanoa kisu akapanda kwenye boksi la karatasi lililoko barazani, akataga mayai tisa, akayalalia. Leo ni siku ya kumi na mbili. Hatoki ila mara moja alfajiri, anakunywa maji, anadonoa punje chache, anarudi mbio kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Nikimkaribia anavimba, anakuwa mkubwa mara mbili, ananitazama kwa jicho moja mpaka naomba radhi. Sijawahi kuona kiumbe mwenye nia kama yake.

Lakini mayai ni maji matupu. Nimeyamulika kwa tochi ya simu, hamna mshipa hata mmoja. Mtaa huu hauna jogoo. Majirani walisema nimtumbukize kwenye ndoo ya maji baridi, hamu ya kulalia imtoke. Hapa nyumbani hilo limekataliwa kabisa. Basi Jumamosi nikanunua vifaranga kumi walioanguliwa na mashine, wa siku moja, nikaja nao kwenye bodaboda, nikawaweka mbele yake saa saba mchana. Shangazi, aliua mmoja kabla sijafumba mdomo. Wa pili alimtoboa juu ya jicho, akafa jioni. Wanane nimewaweka kwenye beseni chini ya balbu, na umeme ukikatika nawaweka kifuani.

Marehemu Bibi alikuwa akisema wewe uliwahi kumpa kuku watoto wa bata na akawalea mpaka wakamkimbia ziwani. Nifundishe. Nisingependa huyu mama akeshe wiki tatu halafu apate boksi tupu.

Mwanao,
Latifah


Kibos, 11 Machi 2024

Latifah mwanangu,

Wa aleikum salaam. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikakumbuka kuvaa miwani. Mimi mzima. Masikio ni masikio. Akeyo anakusalimia, ametoka kutolewa jino na analibeba kwenye mkoba kuwaonyesha watu. Mvua imeanza mapema na choo chetu cha nje kimeegemea mkaratusi mmoja mwembamba, na kati ya hao wawili hatujui nani atachoka kwanza.

Kuku wako hana kosa. Ulimletea wageni mchana kweupe, siku ya nane, na mwili wake unamwambia bado siku kumi na tatu. Ungekuwa wewe una mimba ya miezi minne, mtu akaja akakuwekea mtoto mapajani akakwambia "wako huyu", ungemfukuza na mwiko.

Ngoja siku ya ishirini na moja. Ikipita kidogo si neno. Kwa sasa mpelekee mahindi na maji hapo karibu, maana lazima amekonda, na umtazame chini ya mabawa kama ana utitiri. Wakiwepo, watoe kabla ya watoto kuingia, kwa sababu watamaliza damu ya kifaranga kwa siku mbili. Wale wanane usimpe tena. Wameshazoea balbu, wataikimbilia taa kuliko yeye. Tafuta wapya, wa siku moja, na wawe rangi moja wote, asipate wa kumshuku.

Kisha ngoja giza. Giza kweli, bila tochi. Kuku usiku haoni kitu, yote anayajua kwa kifua na masikio. Pasha mkono moto kwanza. Ingiza kifaranga chini yake, toa yai. Ingiza, toa. Anza na wawili, halafu kaa kimya usikilize. Akitoa sauti nene ya chini, kama mtu anayeongea na tumbo lake mwenyewe, amekubali, endelea. Akipiga kelele kali, watoe, ujaribu kesho. Na mkono uwe mmoja, wa mtu anayemjua. Kuku anachukia mikono ya zamu.

Alfajiri uwe hapo kabla hakujapambazuka. Mwanga ndio mtihani. Akiwatazama na asiwadonoe, basi. Na uwavumilie hao vifaranga pia. Wametoka kwenye droo ya chuma, hawajasikia sauti ya mama hata siku moja. Anapowaita hawatajua anasema nini. Wape siku moja watajua.

Nimelea kuku miaka arobaini na bado nikiona jambo hili moyo unanisimama. Hakuna anayemlazimisha. Anaweza kukataa, na kisu hakitamgeuza.

Ramadhani njema. Wasalimie wote wa nyumba hiyo.

Shangazi yako,
Habibah


Old Kampala, 19 Machi 2024

Shangazi,

Ramadhani karim. Swaumu inakwendaje? Huku tunafuturu kwa uji na muhogo, na sauti ya adhana ya msikiti mkubwa inatufikia kabla haijamaliza kutoka. Wale wanane amewachukua Monique, mwalimu mwenzangu, ana banda lenye taa. Mpe pole Akeyo kwa jino.

Imefanyika.

Tulingoja hadi juzi, siku ya ishirini na tatu. Nilinunua vifaranga kumi, wote manjano. Baada ya tarawehe tulizima taa ya baraza na ya jikoni. Nikaanza mimi. Mkono wangu haujafika kwenye boksi, akanipiga kwa bawa na kunidonoa mpaka damu. Nikasema basi, imeshindikana.

Lakini kuna mtu mmoja hapa nyumbani ambaye hushinda barazani, kiti chake kiko kando ya boksi lile. Ndiye anayempa punje kila alfajiri. Alinigusa bega nimpishe. Akaweka mkono wake kwenye kikombe cha chai ya moto, akaukausha kwenye kanzu, nikamwekea kifaranga kiganjani. Akautelemsha taratibu, Shangazi, taratibu mno, nilidhani amelala. Kuku hakumdonoa. Mkono ukatoka na yai. Nikampa wa pili. Ukatoka na yai. Tukakaa.

Ndipo nikaisikia sauti uliyoniandikia. Ya chini, nene. Vifaranga waliokuwa wakilia kwenye boksi langu wakanyamaza wote, kama darasa mwalimu mkuu anapopita. Tukampa wanane waliobaki. Ilichukua karibu saa nzima, na mkono ule haukufanya haraka hata mara moja.

Sikulala mpaka daku. Kulipoanza kupambazuka nilisimama mlangoni. Kuku akajiinua kidogo, akatazama chini. Kichwa kimoja cha manjano kikachomoza kwenye manyoya meusi, kikamdonoa mdomoni. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa amekifunika kwa bawa.

Saa mbili aliwatoa nje. Aliita, hawakuelewa, walizubaa kama ulivyosema. Akachukua punje ya mchele, akaiangusha, akaiokota, akaiangusha tena, akiita. Alifanya hivyo labda mara thelathini. Ilipofika mchana, wote kumi walikuwa wanakimbia akiita. Mimi nina cheti cha ualimu, Shangazi, na sina subira hiyo.

Asante. Wewe uko Kibos na umemfanya kuku wa Kampala kuwa mama kwa karatasi moja.

Latifah


Kibos, 17 Aprili 2024

Latifah,

Idd ilipita, nakutakia baraka zake kwa kuchelewa. Mto ulifurika, barabara ikakatika, na Sifuna hakuonekana wiki tatu. Akeyo ni mzima. Choo kimeanguka, mkaratusi umesimama.

Barua yako nimeipenda, nimemsomea Akeyo na yeye amewasomea wanawake kisimani. Lakini kuna kitu kinanikereketa. Wewe unashinda Ntinda. Nyumba hiyo ninaijua, ina watu wawili. Ndugu yangu Nasur ameendesha lori miaka thelathini kati ya Mombasa na Kampala, na hata alipostaafu hakuwahi kukaa kwenye kiti kimoja mpaka chai ikapoa. Alikuwa anakula amesimama. Leo unaniambia ameketi kando ya kuku kutwa, na anakugusa bega badala ya kusema "nipishe".

Na wewe umerudi kwa baba yako Januari, "kwa muda tu".

Ana nini? Niandikie, au usiniandikie tena.

Habibah


Old Kampala, 28 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Salamu na heshima. Nisamehe. Nakuandikia yote.

Baba alipata kiharusi tarehe nne Januari, akiwa anafunga kamba ya kiatu. Upande wa kulia ulikufa, mkono na mguu. Akili yake iko timamu kabisa, lakini maneno yanatoka yamevunjika, na kwa kuwa anaona aibu, ameamua kutoyatoa. Hospitali walimpa mazoezi. Hakuyafanya. Alikuwa anatazama ukuta. Nilipotaka kukuarifu alitikisa kichwa mpaka machozi yakamtoka, nikamwahidi nitanyamaza. Nimevunja ahadi kwa sababu umeuliza, na sitakudanganya.

Nilimweka barazani apate jua. Ndiko kuku alikopanda kwenye boksi. Majirani waliposema tumtie kwenye ndoo, Baba alisema "Hapana." Lilikuwa neno lake la kwanza kwa wiki sita, na lilitoka zima.

Barua zako zote nimemsomea. Ulipoandika "wasalimie wote wa nyumba hiyo" alinifanya nirudie. Mkono uliowaingiza vifaranga ni wake, wa kushoto, ambao kabla ya hapo haukuweza hata kushika kijiko bila kumwaga. Siku nne kabla, alikuwa anafanya mazoezi kwa limau: analitelemsha chini ya mto, analitoa. Nilidhani amechanganyikiwa.

Na ngoja nikuambie ya wiki iliyopita. Unawajua kaloli wetu, yale mandege marefu yenye upara yanayokaa juu ya majalala. Mmoja alitua uani akaanza kuwafuata vifaranga, hatua moja, hatua nyingine, kama afisa anayekagua gwaride. Mimi nilikuwa dirishani, niliganda. Kuku akamrukia usoni. Shangazi, yule ndege ni mrefu kuliko meza! Akamrukia mara ya pili, manyoya yanaruka, vifaranga wamejibana chini ya kiti. Na Baba akasimama. Bila mimi, bila fimbo, ameshika nguzo ya baraza, akapiga kelele ya barabarani, ile aliyokuwa akiwapigia wenye ng'ombe njiani. Kaloli akaondoka. Baba akabaki amesimama, ananitazama, kama anayeniuliza ni nani amefanya hivyo.

Najua ya Bibi, mama yenu. Najua alizikwa baada ya adhuhuri na wewe ulifika magharibi, ukakuta watu wanakunja mikeka. Najua tangu siku hiyo, miaka tisa sasa, hamjasemezana. Nilikuwa mkubwa vya kutosha kuona uso wako, na sikusema kitu.

Latifah


Old Kampala, 18 Juni 2024

Shangazi,

Idd mubarak. Natumaini mmechinja na mmekula kwa amani, na kwamba choo kimejengwa upya.

Ni wiki saba. Sifuna anaapa alikupa barua yangu mkononi, na kwamba uliisoma ukiwa umesimama, ukaingia ndani, ukafunga mlango. Kila wiki nakwenda kumwuliza, kila wiki ananionyesha mikono mitupu. Sikulaumu.

Vifaranga wamekuwa kuku wadogo wenye miguu mirefu. Tisa wazima, mmoja alichukuliwa na paka. Mama yao ameanza kuwafukuza wasilale chini yake, ingawa wawili bado wanasukuma vichwa kwapani mwake na yeye anajifanya haoni. Baba anatembea mpaka getini kwa fimbo. Anafanya mazoezi kila asubuhi, na haniruhusu kumhesabia.

Tangu mwezi uliopita amekuwa akiandika kwa mkono wa kushoto kwenye daftari nililomnunulia. Karatasi nyingi amezichana. Hii hakuichana. Amenipa niitie ndani ya yangu. Nimeisoma, kwa sababu aliniachia wazi, na sasa unaisoma wewe.

Latifah

*Habibah. Mama alikuita siku tatu. Sikukupigia simu, nilidhani atapona. Alipofariki ujumbe wako ulinifika kwamba uko Busia mpakani. Niliwaambia watu sijui uko wapi. Wangejua, wangengoja. Niliogopa kukutazama. Nasur.*


Kibos, 21 Julai 2024

Latifah mwanangu,

Assalaam aleikum. Nimefika salama kutoka kwenu, miguu imevimba lakini roho nyepesi. Akeyo alinipokea na samaki wa kukaanga. Kuku wangu wote wapo isipokuwa mmoja ambaye Akeyo anasema alikufa mwenyewe, na mimi nimeona manyoya yake jikoni kwa Akeyo.

Uliporudi kutoka shuleni ukanikuta barazani ukaangusha madaftari, uliniuliza tumezungumza nini kutwa. Nikakujibu, "Mambo ya kuku." Uliheshimu, hukuuliza tena siku zote tisa nilizokaa. Sasa nakuambia, kwa sababu ni wewe uliyetuketisha.

Nilipoipata karatasi ya ndugu yangu nilikaa nayo wiki mbili. Miaka tisa nilikuwa nikijiambia hakujua. Kwamba watu walimharakisha, kwamba ujumbe haukufika. Nilimchukia kwa uzembe. Kumbe alijua. Nikapanda gari ili nije nimwambie usoni. Nilibeba hotuba, Latifah. Niliifanyia mazoezi Busia, nikaiongeza makali Iganga, na tulipokuwa tunapita msitu wa Mabira ilikuwa hotuba ambayo hakuna mtu angeisikia akabaki amesimama.

Nilifika saa tatu asubuhi, geti wazi. Alikuwa anawamwagia kuku mahindi. Alinyoosha shingo, akaniona, akataka kuinuka haraka na kiti kikaanguka. Nikamshika. Nikamtazama kwa karibu, na mashavu yake yalikuwa yamekatwakatwa, vipande vya gazeti vimegandishwa juu ya damu. Hotuba yote ikapotea. Neno langu la kwanza kwa miaka tisa lilikuwa, "Nani amekunyoa hivi?"

Akainua mkono wa kushoto.

Nilicheka mpaka nikalia, na yeye vilevile.

Kisha alinionyesha kwa fimbo kwamba twende. Tukakodi gari mpaka makaburini. Kuna mtaro pale mlangoni, hakuweza kuuvuka, nikamvusha kama tulivyokuwa tukivushana tukiwa wadogo, ila zamani alikuwa yeye anayenivusha. Mbele ya kaburi la mama akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu. Mdomo wake unavunja maneno, na masikio yangu yanavunja yaliyobaki, kwa hiyo nusu sikuipata. Nilimwacha aseme yote. Hakupumzika, hakujitetea, jasho linamtoka kama anapakia lori. Watu wengi nimewaona wakiomba msamaha kwa midomo yenye afya, wala sijaona aliyeomba hivyo.

Alipomaliza, nikamwambia langu, ambalo sijamwambia mtu, hata marehemu mume wangu. Mama aliniita mwaka mzima kabla ya kufa. Aliniambia, "Njoo unione." Nikasema nitakuja baada ya mavuno. Mavuno yakaja mara mbili. Nilipofika magharibi ile na kukuta mikeka inakunjwa, nilifurahi kwamba kuna mtu wa kumlaumu. Ndiyo, nilifurahi. Nasur alinisikiliza, akachukua mkono wangu akauweka juu ya udongo wa kaburi, akauweka wake juu ya wangu. Tukakaa hivyo mpaka dereva akapiga honi.

Huyo kuku wako mweusi nimemkagua. Mwembamba, mkali, ana kidonda kilichopona shingoni, nadhani cha yule kaloli. Nimewahi kuwa na kuku mia mbili na sijawahi kuwa na mmoja kama yeye. Usimchinje kamwe. Na wewe pia nimekukagua. Umemsafisha baba yako, umemlisha, umekwenda kazini umerudi, miezi saba, na katika barua zako zote hukulalamika hata mstari mmoja. Sikukuambia nilipokuwa hapo kwa sababu ningelia mbele ya chakula.

Sasa sikiliza. Nyumba yangu ataitazama Akeyo, na kuku nimempa, maana ameshaanza kuwala. Nimekuja tu kufunga mizigo. Jumatatu ya tarehe ishirini na tisa nasafiri na Sifuna, na safari hii ni ya kukaa. Chumba cha nyuma kinanitosha. Utaweza kurudi chumbani kwako Ntinda ukitaka, au ubaki, nyumba ina nafasi.

Nunua wembe mpya na sabuni ya povu. Mwambie asijinyoe mpaka nifike.

Habibah